Segili na Maji ya Mukagatare

Jumatatu, 9 Juni 2025

Tumemaliza kukata segili, nafaka ya jamii ya ngano tunayowalimia ng'ombe. Mume wangu Habineza anaiita ngano ya wavivu, kwa sababu tumeikata kabla haijatoa hata punje. Shina refu, majani, na kichwa ambacho ndiyo kwanza kinachungulia. Lakini ndivyo inavyotakiwa! Ikikomaa shina linakuwa kuni, na ng'ombe hali kuni.

Mvua ilinyesha jana. Nilitaka majani yanyauke kwanza kwenye jua, ila mawingu yalikaa juu ya mlima Karisimbi kutwa nzima kama mgeni asiyeaga. Tumekata hivyo hivyo, mabichi. Vipande vifupi, urefu wa kidole. Tumevitia shimoni, tumekanyaga, mimi na mume wangu tukizunguka kama watu wa harusi. Mashina ya segili ni mirija, ndani yana hewa. Ukikanyaga yanainuka tena. Tumekanyaga tena.

Kisha unga. Mucyo, yule agronome, bwana shamba kijana wa ushirika wetu, alinipa pakiti mbili siku ya mafunzo kule Gisenyi. Alisema ndani yake wamo bakteria waliolala. Ukiwatia maji wanaamka, wanakula sukari ya majani na kutoa uchachu, na uchachu huo ndio unaozuia kuoza. Kama kivuguto, maziwa yale ya mgando, alisema. Hapo nilielewa mara moja. Maziwa tunagandisha tangu utotoni. Pakiti moja nimeitumia leo. Ya pili nimeiweka kwenye mtungi, ndani ya pango la mawe nyuma ya nyumba. Kule baridi haitoki hata saa sita mchana.

Ndoo niliisugua mara mbili. Maji ya tangi letu, safi kabisa. Mimi ni mshauri wa afya wa kijiji, siwezi kutia uchafu kwenye chakula, hata kama ni cha ng'ombe.

Mgongo unauma. Nimefurahi.


Jumatano, 11 Juni

Shimo limefunikwa. Shitingi ya plastiki, juu yake udongo, juu ya udongo mawe meusi ya volkano. Mawe hapa Bugeshi hatuyatafuti, ni yenyewe yanayotutafuta.

Mukagatare amekuja kumwamkia mtamba wake, kama kila asubuhi. Bado si wake. Ng'ombe wetu Bihogo tulipewa na serikali, na sheria ya ng'ombe hao ni kuitura: ndama jike wa kwanza anapelekwa kwa jirani aliyechaguliwa, naye hivyo hivyo. Mpaka hapo Bihogo si wetu kabisa. Jirani aliyechaguliwa ni Mukagatare, mjane, bibi tunayemwita Mukecuru, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Amekwisha kumpa mtamba jina — Umutoni. Habineza anakasirika. Anasema mtu hakipi jina kitu ambacho hajakabidhiwa.

Alisimama juu ya shimo, fimbo mkononi.

— We Mama Alliance, umezika nani humu?

— Ni chakula, Mukecuru. Cha kiangazi.

— Chakula banazika? Yewe! Umutoni wangu atakula vitu vya kaburini?

Mchana nimezunguka na vidonge vya klorini. Tangu tahadhari ya kipindupindu itolewe, kila tangi la mvua kijijini lazima liwekwe dawa, na langu ndilo la kwanza. Hapa mto hakuna, chemchemi hakuna, mawe yanakunywa kila kitu. Tangi likichafuka, watu wote wanaugua. Nyumba nyingine inabidi nisimame hadi waweke. Kwa Mukagatare sisimami. Akisema ameweka, ameweka. Nimemtaja kwenye mkutano kuwa ni mfano kwa vijana.


Jumapili, 29 Juni

Mvua imekata. Majani ya kandokando ya njia yamekwisha, kila mtu anakata. Kuchunga nje ni marufuku, ng'ombe wanakaa bandani na chakula kinawafuata. Chakula kipi?

Baada ya misa Habineza alikaa na wanaume wawili nyuma ya kanisa. Nilijua mazungumzo kabla sijafika. Masisi. Siku zote ni Masisi. Sisi wawili tulizaliwa kule, ng'ambo ya mpaka, Congo. Ng'ombe wa baba yake walikuwa wanatembea kutoka kilima hadi kilima hakuna aliyewauliza. Binamu yake Sibomana bado yuko huko na malisho yake.

— Kule iko majani mpaka ku magoti, alisema Habineza njiani. Na mi niko nalinda shimo.

Nikamwambia mwaka jana mtu wa Busasamana alipitisha ng'ombe watatu kwa njia za miguu, akarudi na fimbo peke yake. Alirudi, hata hivyo. Mwingine hakurudi. Kule kwenye misitu kuna watu wenye bunduki na hakuna anayejua ni wa nani.

— Donc tutangoja shimo lako, alisema.

Tutangoja.


Jumamosi, 12 Julai

Nimefungua shimo.

Sijui niandike vipi. Niliondoa mawe upande mmoja, nikafunua shitingi, na harufu ikanipiga kabla sijainama. Siyo uchachu. Matapishi. Siagi iliyosahauliwa. Miguu ya mtu aliyelala na buti za mpira. Nilichimba kwa mkono nikidhani ni juu tu. Chini ni nyeusi, inateleza, inavutika kama kamasi. Chini zaidi ni vile vile. Pembeni kuna ukungu mweupe.

Shimo lote!

Habineza alikuja akasimama. Akatazama ndani, akaenda bandani. 

Mukagatare alifika, akanusa kutoka mlangoni mwa ua, akajifunga kitenge puani.

— Niliuliza umezika nani. Sasa nimejua amekufa kweli.

Nilicheka. Kisha nikaenda nyuma ya tangi na kulia hadi kichwa kikaniuma.


Jumapili, 13 Julai

Sikwenda misa. Ni mvua iliyoozesha shimo. Ni ule ubichi. Ningengoja siku moja tu ikauke. Siku moja!


Jumanne, 15 Julai

Mtamba anaumwa.

Jana nilikuwa kituo cha afya, mkutano wa washauri. Ng'ombe walikuwa wanalia kwa njaa tangu asubuhi. Habineza alishindwa kuvumilia. Alichimba katikati ya shimo, akachagua vipande vilivyoonekana vya kijani, akavisuuza, akawapa. Bihogo alinusa akakataa. Mtamba alikula.

Leo anaharisha, masikio yameanguka, hasimami vizuri. Habineza ameketi bandani tangu alfajiri, ameshika kichwa cha mtamba kwenye mapaja. Nilikuja na maneno mengi mdomoni. Nilipomwona nikayameza.

— Alikuwa analia, alisema. Ulikuwa hauko hapa. Alikuwa analia kama mutoto.

Veterineri wa sekta yetu, daktari wa mifugo wa vijiji vyote hivi, anapatikana kwa simu tu. Ameshangaa mno. Akasema tumnyweshe maji ya chumvi na sukari, tusimpe tena kile kitu, tungoje. Kisha akakumbusha: tarehe 29 Agosti ni siku ya kuitura kwa sekta nzima. Mtamba atakaguliwa. Akiwa amedhoofu watauliza kwa nini. Na kama itaonekana hatuwezi kulisha, Bihogo naye atapelekwa kwa familia inayoweza.

Hakusema kwa ukali. Ndivyo ilivyo, alisema.


Alhamisi, 17 Julai

Amesimama! Miguu inatetemeka lakini amesimama. Mukagatare alilala — hapana, alikesha — kwetu usiku wa juzi na wa jana, kwenye majani makavu kando yake. Asubuhi hii alimsema mtamba kama mkwe mvivu: amka, mimi mwenyewe nina miaka sabini na mbili na nimeamka, wewe una nini?

Binti yetu Alliance, aliyeko kwa shangazi yake kule Nyamyumba, ametuma gunia la majani ya viazi vitamu kwa moto, yaani pikipiki. Siku mbili, tatu. Kisha nini?

Maziwa ya Bihogo yamepungua hadi nusu.


Jumapili, 20 Julai

Mukagatare ana kipande cha shamba la segili. Sikujua! Tulipogawiwa mbegu mwezi wa tatu alichukua kidogo, akaipanda kwa kuchelewa, kule juu karibu na msitu ambako baridi ni kali. Kwetu segili ilikwisha kitambo. Kwake ndiyo kwanza inataka kutoa vichwa. Alikuwa anataka majani ya kuezekea banda la kuku.

— Kata, alisema. Kuku watalala na nyota.

Na mimi nina pakiti ya pili.

Nimemwambia Habineza. Safari hii siyo shimo, ni mapipa mawili ya plastiki yenye mfuniko na pete ya chuma, nimeyaazima kwa paroko. Safari hii tutanyausha kwanza. Nimeeleza kila kitu polepole. Alikuwa anachonga mpini.

— Lini itaiva?

— Wiki tatu. Zaidi ni bora.

— Nitangoja mpaka Asompsio, tarehe kumi na tano. Kisha usiniambie kitu.

Ameanza kusuka kamba mpya. Ndefu, ya safari.


Ijumaa, 25 Julai

Tumekata segili ya Mukagatare. Imelala kwenye jua, inanyauka vizuri. Nikisokota majani mkononi hayatoi maji, yanafunguka taratibu. Hivyo ndivyo Mucyo alivyoonyesha. Hakuna wingu hata moja. Kesho ni umuganda, kazi ya pamoja mpaka saa tano, kisha mkutano, kisha tutajaza. Tutakatakata alfajiri, kabla ya watu kutoka.

Naogopa hata kuandika kwamba kila kitu kiko sawa.


Jumamosi, 26 Julai

Lazima niandike hii kwa utaratibu, la sivyo nitachanganya.

Alfajiri tulikatakata. Nilitoa pakiti pangoni, ikiwa baridi. Nilisugua ndoo. Nilichota maji tangini. Pakiti mkononi, mkasi mkononi. Nikawaza: kwa mapipa mawili natia maji kiasi gani? Nikampigia Mucyo simu, nikamwomba radhi kwa kumwamsha. Alikulia Uganda, Kiswahili chake kinachechemea, lakini ana subira. Alinipa kipimo. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani:

— Na ile ya kwanza, madame, ulitumia maji gani?

Nikajibu kwa fahari. Kwa fahari! Nikasema maji safi, ya tangi, nimeyawekea dawa mimi mwenyewe, na siku zile za tahadhari niliweka maradufu ili...

Mdomo uliendelea kusema. Akili ilikuwa imekwisha kusimama.

— Dawa gani, madame?

Nikasema klorini.  Akasema taratibu:

— Sorry, madame. Klorini haichagui. Inaua ya kipindupindu, inaua na yako. Wale walikufa ndani ya ndoo. Hawakufika kwenye shimo.

Kumbe nilinyunyiza maiti.

Mvua ilichangia, alisema, na hewa ya kwenye mashina, lakini bakteria wangekuwa hai wangepambana. Nikamwuliza kama nikiacha maji wazi dawa itatoka. Labda, alisema, siku moja, mbili, juani. Lakini kwa maradufu hajui. Na pakiti ni moja. Usibahatishe. Tafuta maji ambayo hayajawekwa kitu.

Maji ambayo hayajawekwa kitu! Nilisimama uani na ndoo nikaangalia kijiji. Kila paa, kila tangi. Vidonge vyangu mwenyewe. Dukani kuna soda tu. Ziwa liko bondeni, na leo ni umuganda, hakuna moto inayotembea hadi mkutano uishe. Mpaka iteremke na kurudi ni jioni, na segili iliyokatwakatwa inakauka tu, inazidi kukauka.

Kwenye mkutano, mwenyekiti alipomaliza habari za mfereji, aliita mshauri wa afya kama kawaida. Nilisimama mbele ya watu, jembe bado mkononi.

— Nani hapa hajaweka klorini kwenye tangi lake?

 Wakajibu wote pamoja:

— Tumeweka! Tangu juzi! Kabisa! Hata leo asubuhi!

— Siwaadhibu. Sitaandika jina. Nahitaji maji yasiyo na dawa. Ni ya ng'ombe. Nawaomba.

Uwineza, jirani ambaye najua, najua kabisa, kwamba vidonge vyake alimpa mtoto achezee, alinitazama usoni:

— Mama Alliance, we ulitufundisha. Sasa tunaweza tena kusahau?

Wakacheka. Mtu nyuma akasema huo ni mtego, wametumwa watu wa wilaya. Mwingine akasema tangi lake linanuka klorini mpaka mbu wanakohoa. Nilibaki nimesimama. Sijawahi kutamani uongo wa watu ufichuke namna ile. Miaka minane ninawasihi waweke. Leo siku moja tu nawasihi wakiri hawakuweka, na kijiji kizima kimekuwa kitiifu.

Mukagatare alikuwa ameketi mstari wa mbele, kwenye jiwe, anatazama kucha zake.

Nilirudi nyumbani. Habineza alikuwa ameketi kwenye ukingo wa pipa tupu. Nikamwambia yote: ya klorini, ya ndoo, ya shimo. Nilingoja apige kelele.

— Wiki mbili nzima nilifikiri ni miguu yangu, alisema. Nilifikiri sikukanyaga muzuri.

Tukakaa hivyo. Segili ikizidi kukauka mbele yetu.

Ndipo mlango wa ua ukasukumwa na fimbo. Mukagatare, bidoni ya maji kichwani, pumzi imemwishia. Akaishusha mbele yangu.

— Hii haina kitu.

— Mukecuru, nilikupa vidonge kila mwezi.

— Ulinipatia. Aksanti. Biko mu mukebe, byote. Chai ilikuwa inanukia hopitali. Nimekunywa maji ya mvua tangu Masisi, mi ni mutu wa kuogopa maji?

— Nilikutaja kwenye mkutano! Nilisema wewe ni mfano!

— Na mi nilikukatalia? Ulisema muzuri sana, nilipenda.

Sikujua kama nimpige au nimkumbatie. Nilifungua bidoni nikanusa. Paa, majani, vumbi kidogo. Maji tu.

— Chota yako mbele, alisema akiketi chini. Kisha njoo uue yangu. Nitakaa hapo niangalie. Lakini Uwineza asijue.

Tulijaza mapipa mpaka jua likazama. Nilinyunyiza kwa mkono, tabaka kwa tabaka, Habineza ndani ya pipa akikanyaga kwa visigino, anatoka jasho, haongei. Mifuniko, pete za chuma, mpira wa baiskeli kuzunguka. Kisha nilienda kwa Mukagatare na kuweka klorini katika tangi lake kwa mkono wangu. Aligeuza uso pembeni kama mtu anayechomwa sindano.


Jumatatu, 4 Agosti

Migomba. Habineza anashuka Nyamyumba na baiskeli, analeta mashina ya migomba, tunakatakata. Maji tu na nyuzi. Wanajaza tumbo na wanabaki na njaa.

Mbavu za mtamba zinahesabika kutoka barabarani. Natamani kufungua mapipa. Kila nikipita naweka kiganja juu ya mfuniko, kama mtu anayepima homa. Mucyo alisema usiguse, kila ukifungua hewa inaingia. Pipa moja limevimba kidogo. Ni nzuri au mbaya? Nimempigia, simu imezimwa.


Jumapili, 10 Agosti

Maziwa ya Bihogo: kikombe. Tumempa Mukagatare, akampa mtamba.

Habineza amemaliza kamba. Ameitundika mlangoni. Kila nikitoka inanigusa bega.


Ijumaa, 15 Agosti

Asompsio. Kanisa lilijaa, watu wamevaa meupe. Niliomba kitu kimoja tu, na aibu ilinishika kwa sababu kilikuwa ndani ya pipa.

Mucyo alipatikana. Kuvimba ni gesi, siku za kwanza ni kawaida, alisema. Vumilia wiki nyingine. Nikamsihi apunguze: siku tano, basi.

Nilimwomba Habineza hizo siku tano.

— Nilisema Asompsio.

— Ulisema.

Alienda kuangalia mtamba. Aliporudi: bon. Mpaka Jumatano. Ujumbe umeshatumwa kwa Sibomana, anamngoja upande wa pili wa mpaka. Hakunitazama alipokuwa anasema. Nikamuuliza, na wewe ukikutana na wale wenye bunduki? Akasema, nitakutana nao nikiwa na ng'ombe au nitakaa hapa nikiangalia wanakufa. Unataka ipi, Mama Alliance? Chagua.




Jumanne, 19 Agosti

Habineza amepika viazi vya njiani. Mwenyewe. Amevifunga kwenye kitambaa.

Mtamba hajasimama tangu mchana.


Jumatano, 20 Agosti

Naandika nje, nimekaa juu ya mawe ya shimo la zamani. Sitaki kungoja jioni, jioni sijui nitakuwa nani.

Nilipoamka upande wa Habineza kitandani ulikuwa tupu na kamba haiko mlangoni. Nilitoka bila viatu. Amemfungua Bihogo, amemwinua mtamba kwa kumkumbatia tumboni, wote wawili kwenye kamba moja. Koti refu, fimbo, kitambaa cha viazi. Ukungu bado uko chini.

Na Mukagatare amesimama kwenye mlango wa ua, mikono ameitanua, kitenge kama mbawa.

— Pita juu yangu.

— Mukecuru, toka.

— Umutoni ni wangu. Sekta imeandika. Utavusha kitu cha mutu kwenda Congo bila ruhusa? Ni wizi, mwanangu. Mi nitapiga makelele mpaka Goma bashikie.

— Nikimuacha atakufa mbele ya tarehe!

— Basi afe kwetu! Hapana... asife. Mama Alliance! Fungua ile kitu yako!

Walinitazama wote. Hata Bihogo.

Ni Jumatano. Siku niliyoiomba. Nilikuwa nimeiogopa kuliko ile ya shimo, maana siku ile sikujua. Nilikata mpira wa baiskeli. Pete ikagoma, nikaigonga kwa jiwe. Mfuniko ukatoka na pumzi ndogo, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini.

Kwanza sikusikia kitu. Pua zilikuwa zimeziba kwa kulia, hata sikujua kwamba nalia. Kando ya ukingo kuna pete ya ukungu mweupe, upana wa vidole viwili.  Niliitoa yote kwa mikono nikaitupa mbali. Nikaingiza mkono chini yake hadi kwenye kiwiko.

Baridi. Haitelezi. Nilitoa fumba moja. Kijani kinachoelekea manjano, kama kabichi iliyochemshwa. Kila kipande kinaonekana, unaweza kujua shina na jani. Nikaisogeza puani.

Kivuguto. Na kwa mbali, ndizi zinazoivia pombe.

Nilimpelekea Habineza fumba ile. Alinusa. Akanusa tena. Akanitazama kama anataka nimwambie ni nini, na mimi nilikuwa nataka yeye aniambie.

Bihogo hakungoja mtu. Aliivuta kamba, akamvuta na Habineza, akaingiza kichwa ndani ya pipa mpaka kwenye pembe. Sauti ya kutafuna ilitoka mle kama mvua juu ya mabati. Mukagatare alishusha mikono. Akaketi hapo hapo njiani.

Lakini mtamba hataki.

Nimemwekea mbele yake. Amenusa, amepuliza, amerudi nyuma hadi kamba ikakaza. Nimemwekea tena. Ameugeuza uso. Habineza alitaka kumfungua mdomo kwa nguvu, Mukagatare akamkemea:

— Muache. Anakumbuka.

Tumemwacha. Ndiyo maana nimekaa. Jua limetoka, ukungu umeinuka, na ile njia inayokwenda mpakani inaonekana yote, nyeupe kati ya mashamba ya viazi. Habineza anaitazama. Alisema akifika saa nne kule juu atakuwa amechelewa kumkuta Sibomana. Sasa inakaribia saa tatu.

Niandike haraka. Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto bado unanuka segili, sikuuosha. Nimeunyoosha tu, sikumwita. Mtamba amekuja hatua moja. Amesimama. Amekuja nyingine. Ulimi wake uko kwenye vidole vyangu, mkavu, polepole, kimoja kimoja, kama anayesoma.

Mukagatare amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

Kamba imelegea. Habineza ameketi kwenye jiwe upande wa pili, fimbo juu ya magoti. Amekifungua kile kitambaa cha viazi, amemenya kimoja, hajakila.

Hajavua koti.